Jina Lisimame

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Hapa ni Redio Dirisha la Jirani, na saa hii tumeitenga kwa ajili ya mtu mmoja aliyetutoka. Kabla sijamtaja, nina ombi. Kama unanisikiliza ukiwa kwenye usukani, macho yako yabaki barabarani. Redio haihitaji macho. Kwa nini naanza hivi, utaelewa tukifika mbele.

Aliyetutoka ni fundi mitambo. Alikuwa fundi mitambo wa kituo hiki kwa miaka mingi, kabla wengi wetu tuliopo leo hatujaajiriwa. Hapa kazini walimwita Herufi Nane. Nyumbani aliitwa Kaka, hata na watu waliomzidi umri. Tumemzika juzi.

Mkewe amenikaribisha sebuleni kwao. Shemeji yake, mjane wa mdogo wake, naye alikuwepo. Walikaa kochi moja, bega kwa bega, na mengi nitakayowaambia yametoka kwao.

Tuanze mwanzo. Fundi huyu hakuanza na nyaya, alianza na brashi. Alikuwa mchora vibao. Baba yao alishafariki, mama akafuata, na yeye akabaki na mdogo wake wa kiume ambaye hata kufunga vifungo vya shati alikuwa hajui. Akamlea. Alimfunga vifungo, akamsimamia masomo, akamuuguza surua. Alimchapa mara moja tu, na mdogo mtu akaisimulia hiyo mara moja maisha yake yote kana kwamba alikuwa anachapwa kila siku baada ya chai.

Katika uchoraji wa vibao alipata somo lake la kwanza. Fundi cherehani mmoja alimpa mlango auandike: mshonaji wa nguo za kike na kiume. Kijana akaanza kwa mbwembwe, herufi kubwa, nene, zenye kivuli. Alipofika kwenye “kiume” mlango ukamwishia. Ile herufi ya mwisho akaiweka ukutani, nje ya fremu. Fundi cherehani akaja, akafungua mlango, na neno likakatika vipande viwili. “Sasa ndiyo nini hii?” aliuliza. “Wateja watasema nashona nguo nusu nusu.” Kijana akaufuta mlango wote, akaanza upya. Mkewe anasema tangu siku hiyo hakugusa brashi kabla ya kupima ukuta.

Kituo hiki kilipojengwa, aliitwa kuandika jina kwenye ukuta wa mbele. Akaandika. Kazi ilipokwisha hakuondoka. Aliwashikia mafundi ngazi, akawabebea nyaya, akawauliza maswali mpaka wakachoka kumjibu wakaamua kumfundisha. Baadaye alipelekwa kozi. Aliporudi alikuwa fundi mitambo kamili, mwenye funguo za chumba cha mitambo zikining'inia kiunoni. Mdogo wake alikuwa akimtania kwamba anatembea kwa kelele kama mbuzi mwenye kengele.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa nahitaji mnisikilize vizuri, maana bila hili hamtaielewa habari yote. Redio nyingi za gari zina kioo kidogo. Kituo kinaporusha matangazo, kinarusha pia jina lake, na jina hilo linatokea kwenye kile kioo. Lakini nafasi ya jina ni herufi nane tu. Nane. Ukiacha nafasi kati ya maneno, nayo imekula moja. Kituo chenye jina refu lazima kijikate.

Sisi jina letu ni refu. Redio Dirisha la Jirani. Siku ya kwanza mtambo wa kurusha jina ulipowashwa, aliyeuwasha alilimimina jina kama lilivyo, na kioo kikachukua kilichoweza kukichukua. Kikaandika “REDIO DI”. Basi. Watu wakapiga simu wakicheka, wakiuliza Redio Di ni ya nani.

Fundi wetu akalirekebisha. Aliwaambia wenzake, “Neno redio tulitoe kabisa. Mtu ameketi mbele ya redio, anajua ni redio. Anadhani ameketi mbele ya pasi?” Akaandika “DIRISHA”. Herufi saba, nafasi moja ikabaki tupu. Jina likasimama palepale, halitikisiki. Dereva anatupa jicho mara moja, anajua yuko kituo gani, anarudisha jicho barabarani. Hapo ndipo alipopewa jina la Herufi Nane.

Mambo yangeishia hapo, leo nisingekuwa na kipindi hiki.

Kilipita kipindi, akaja mkurugenzi mwingine. Ni mtu aliyeondoka hapa zamani na simtaji kwa ubaya. Alipanda gari lake siku ya kwanza, akatazama kioo, akamwita fundi ofisini. “Dirisha naliona,” alisema. “Jirani yuko wapi?”

“Jirani hakuenea, bosi.”

“Wenzetu jina lao linatembea. Linakuja neno, linaondoka, linakuja lingine. Kwa nini letu limesimama kama limepigwa msumari?”

Fundi akamweleza. Kwamba ile nafasi ilikusudiwa jina, na jina likae. Kwamba ukilitembeza, dereva lazima alingoje. Anaona “DIRISHA”, anangoja, anaona “LA”, anangoja tena, ndipo aone “JIRANI”. Na muda wote huo anaongoja, gari nalo linakwenda. Mkurugenzi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, “Fundi, hakuna aliyekufa kwa kusoma neno moja.”

Fundi akaenda chumba cha mitambo akalitembeza jina. Mkewe anasema alirudi nyumbani jioni akavua viatu, akasema, “Leo nimefanya kitu ambacho nafsi yangu haikitaki.” Mkewe akamuuliza kama kuna aliyeumia. Akasema hapana. “Basi kula,” mkewe akamwambia, na yeye akala.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Redio nyingine za gari, ukibonyeza kitufe kuhifadhi kituo, zinahifadhi pia lile neno lililokuwa likipita sekunde ile. Basi wapo waliotuhifadhi kwa jina la “LA”. Mzee mmoja alipiga simu studio akasema anaipenda sana Redio La, ila haelewi inakataza nini. Tulipopata mdhamini wa sabuni, neno “SABUNI” likaingizwa nalo litembee. Kuna watu mpaka kesho redio zao zinatuita Sabuni.

Halafu zikaja salamu za kioo. Hilo lilikuwa wazo la mkurugenzi, na lilipendwa kupita kiasi. Msikilizaji anapiga simu, anataja anayemsalimu, na salamu inapita kwenye vioo vya magari, kipande kwa kipande. Kati ya kila kipande na kipande, neno la mdhamini. Madereva wakawa wanayasubiri majina yao. Waliegemea mbele kwenye usukani, wakisoma. Waliokuwa studio walisikia simu zikilia tu. Barabarani hawakuwepo.

Na fundi? Nitasema ukweli kama mkewe alivyousema. Fundi akaanza kuzoea. Watu walimsimamisha njiani wakimpongeza. Kinyozi alikataa kumtoza. Mwaka ukapita, hakuna kilichotokea, na yeye akaanza kudhani kwamba labda mkurugenzi alikuwa sahihi. “Aliacha kulalamika,” mkewe aliniambia. “Nikafurahi. Nilidhani ni amani.”

Mdogo wake wakati huo alishakuwa mtu mzima, ana mke na mtoto mchanga. Alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha mikate. Kwa miaka alipakia mikate kwenye magari yaliyoendeshwa na wenzake, akijifunza udereva jioni, akifeli mtihani, akirudia. Hatimaye akapata leseni, na kiwanda kikamkabidhi gari. Gari dogo la mikate, lenye makreti nyuma na redio mbele. Redio yenye kioo.

Siku moja kabla ya safari yake ya kwanza walikula pamoja kwa kaka mtu. Shemeji anakumbuka kila neno. Mumewe alimtania kaka yake mezani. “Kaka, unasalimu mji mzima. Vinyozi, wauza mitumba, wanawake usiowajua. Mimi wa tumbo moja na wewe sijawahi kuona hata herufi.”

“Wewe huna gari,” kaka akajibu.

“Kesho ninalo.”

Meza nzima ikacheka. Walipokuwa wanaagana mlangoni fundi alimshika mdogo wake bega, akamwambia, “Kesho asubuhi ukishaingia barabara kuu, tazama kioo chako.”

Tazama kioo chako. Maneno hayo, wasikilizaji wapendwa, aliyabeba mpaka juzi tulipomfukia.

Asubuhi yake fundi aliwahi chumba cha mitambo. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Aliiandika salamu mwenyewe, kwa uangalifu uleule wa kupima ukuta kabla ya brashi. Kila neno lienee kwenye herufi nane, lisikatwe. HONGERA. MDOGO. WANGU. ENDESHA. POLEPOLE. Alimwambia mkewe baadaye kwamba neno la mwisho lilimfurahisha, maana lilijaa nafasi zote nane bila kuzidi wala kupungua. Akawasha redio ndogo ya kukagulia iliyokuwa juu ya mtambo, akakaa kwenye kiti, akatazama maneno yakipita. Alikuwa anatabasamu. Huyo ni mtu ambaye mwaka uliotangulia alimwambia bosi wake kwamba jambo hili ni la hatari. Alikuwa anatabasamu kwa sababu alimpenda mdogo wake, na alikuwa na namna ya kumwambia.

Gari la mikate liliingia barabara kuu. Ndani walikuwa wawili: mdogo mtu kwenye usukani, na mpakiaji aliyechukua nafasi yake. Huyo mpakiaji yu hai. Anatembea na fimbo. Alikuja mazishini juzi, na alinikubalia niyaseme haya.

Anasema dereva alikuwa amefurahi kama mtoto. Alisoma kwa sauti. “Hongera,” alisoma, akapiga usukani kwa kiganja. Likapita neno la sabuni. “Mdogo.” Sabuni. “Wangu.” Akamgeukia mwenzake, akamwambia, “Unaona? Ni mimi huyo. Ni kaka.” Mpakiaji akamwambia ameona, atazame mbele. Akajibu, “Ngoja, inakuja nyingine.”

Kando ya barabara palikuwa na lori lililoharibika. Lilikuwa limesimama tangu alfajiri, nusu yake ikiwa barabarani.

Vilibaki vipande viwili. Dereva hakuviona. Salamu ile, kama ingefika mwisho, ilikuwa inamwambia aendeshe polepole.

Naomba nipumue kidogo hapa. Samahanini.

Fundi alipata habari akiwa kwenye kile kiti. Mkewe alipiga simu, akasema tu njoo. Wakati anasimama kuondoka, redio ndogo juu ya mtambo ilikuwa bado inaizungusha salamu. HONGERA. SABUNI. MDOGO. SABUNI. Hakuwa bado anajua namna ajali ilivyotokea. Alijua tu mdogo wake amekufa. Alinyoosha mkono akaizima salamu, kwa sababu ya uchungu wa kuona neno lile, akaenda.

Alilijua lililobaki msibani. Mpakiaji alikuwa hospitali, lakini ndugu zake walikuja wakaeleza alichowaeleza. Waliyasema kwa nia njema, ili familia ijue kwamba marehemu alikufa akiwa na furaha. Walisema, “Alikuwa anasoma salamu za kaka yake.” Shemeji alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mtoto mapajani. Aliinua uso akamtazama fundi. Fundi aliliona lile jicho.

“Nilimchukia,” shemeji aliniambia juzi, na mke wa fundi yupo pembeni yake anasikia. “Sitadanganya kwa kuwa amekufa. Nilimchukia mpaka nikawa siwezi kupita mtaa wao. Alileta unga, niliurudisha. Alileta sare za mtoto, nilizipokea, kwa kuwa mtoto hakuwa na kosa, lakini sikumwambia asante. Halafu ikafika mahali nikachoka. Kuchukia nako ni kazi. Siku moja alikuja akasimama mlangoni kama kawaida yake, haingii, nikamwambia, shemeji ingia ndani, mbu wanakuuma.”

Akaingia. Akakaa. Hakuna aliyezungumza habari za ajali siku hiyo, na kwa kadiri mama hawa wawili wanavyokumbuka, hakuna siku yoyote walizungumza wakaimaliza.

Hapa kazini mambo yalikwenda hivi. Fundi aliporudi kutoka msibani aliingia chumba cha mitambo akalisimamisha jina. Akaandika “DIRISHA” kama zamani, akaliacha. Mkurugenzi akampa pole, akamwacha wiki chache. Kisha akamwita.

“Fundi, mdhamini anauliza.”

“Jina lisimame, bosi.”

“Nakuelewa. Mimi nami nina ndugu. Lakini lori lilikuwa limesimama vibaya. Polisi wenyewe wamesema ni lori.”

“Lori lilikuwepo,” fundi alisema. “Mimi ndiye niliyemwambia asilitazame.”

Mkurugenzi akasema ajali ni ajali. Akasema pia kwamba kama fundi hawezi, yupo anayeweza. Fundi akatoa funguo kiunoni, akaziweka mezani. Aliondoka kwa mlango wa mbele, chini ya jina aliloliandika kwa mkono wake akiwa kijana. Mchana huohuo jina likaanza kutembea tena.

Wasikilizaji wapendwa, alifungua chumba cha kutengeneza redio nyuma ya nyumba yake. Niliingia humo juzi. Ni chumba cha kuweza kunyoosha mikono ukagusa kuta mbili. Kuna meza, koleo, chuma cha kulehemu, na ukutani zimening'inizwa redio za gari zilizotolewa matumbo. Na kuna boksi la utepe mweusi wa umeme. Kila redio ya gari iliyotengenezwa pale ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na kipande cha utepe juu ya kioo. Hakumtoza mtu utepe huo. Mteja akiuliza, alijibu, “Redio yako ni nzima. Isikilize tu.”

Wengi waliubandua kabla hawajafika kona. Alijua. Mkewe anasema aliona vipande hivyo vimetupwa barabarani mbele ya nyumba, akaviokota wakati wa kufagia, na kesho yake akabandika vingine.

Na alikuja hapa. Mapokezi wanamkumbuka. Alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, akakaa kwenye benchi, akasubiri kumwona mkurugenzi, yule wa zamani na waliomfuata. Ombi lake halikubadilika. Jina lisimame. Walimpokea kwa heshima, wakampa maji, wakampa kalenda ya kituo. Wakamwambia wataliangalia suala hilo. Salamu za kioo zilikwisha siku nyingi, watu walizichoka, lakini jina liliendelea kutembea, likivuta nyuma yake sabuni, dawa ya meno, na namba za simu.

Zilipoingia redio za kidijitali, zenye nafasi ya herufi kumi na sita, mkewe alimwona akihesabu kwa vidole mezani. Dirisha la Jirani, ukihesabu na nafasi zake, ni kumi na saba. “Tumezidi moja,” alisema, akacheka. Mkewe alishangaa, maana hakuwa amemsikia akicheka tangu msiba. Kisha akaambiwa kwamba redio hizo zina jina refu, zina pia jina fupi la herufi nane kwa vioo vidogo, na chini yake kuna mstari mzima wa maandishi unaoweza kupita siku nzima. Kicheko kikamwisha. “Wameongeza nafasi, wameongeza na maneno,” alisema, akarudi kwenye chumba chake.

Moyo ulimsumbua kwa muda. Alikatazwa chumvi, akatii. Alikatazwa kuinua vitu vizito, hakutii. Mkewe alimkuta mchana ameegemea meza, koleo mkononi, redio ya mtu ikiwa wazi mbele yake. Alidhani amesinzia. Alimwita kwa jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili tu, ambalo hakuniambia, nami sikumuuliza.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta mbele yenu leo badala ya kusoma tangazo la kawaida la rambirambi.

Kituo kilipopata habari ya kifo chake, kilitaka kumuenzi. Nia ilikuwa njema, nawaapia. Wenzetu wa chumba cha mitambo hawakuwahi kufanya naye kazi. Walilijua lile jina la Herufi Nane, walijua alikuwa wa kwanza kulipanga jina letu kwenye kioo, na wakasema, mtu kama huyu tumuage kwenye kioo. Habari za gari la mikate hawakuwa nazo. Waliozijua walishahama, na aliyekuwa akizirudia kila mara alikuwa yule mzee wa kwenye benchi, ambaye kila mtu alimsikiliza akidhani mwingine ndiye aliyemwelewa.

Kwa hiyo asubuhi ya mazishi, kwenye kila gari lililokuwa na redio yenye kioo na lililofungulia kituo hiki, maneno yalipita. PUMZIKA. KWA. AMANI. FUNDI. WETU.

Shemeji alikuwa kwenye gari lililobeba jeneza. Alikaa mbele, kando ya dereva, kwa sababu miguu inamsumbua. Dereva alikuwa mtu mwema. Alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya chini, kwa heshima ya marehemu, kituo chake mwenyewe. Mara akaona. Akaegemea mbele. “Mama, tazama,” alisema. “Wanamtaja. Ngoja, inakuja nyingine.”

Maneno yaleyale. Dereva hakujua.

Shemeji alinyoosha mkono akakifunika kioo kwa kiganja. Dereva alidhani anataka kuizima redio, akamwambia kitufe ni kile cha kushoto. Hakukibonyeza. Alishikilia kiganja pale kwenye kioo, mbele ya macho ya dereva, njia yote mpaka makaburini. Mke wa marehemu, aliyekuwa nyuma karibu na jeneza, aliuona mkono ule umenyooka na akajua umefunika nini. Anasema ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Kesho yake mama hao wawili walikuja hapa. Hawakukaa kwenye benchi. Walipitishwa moja kwa moja hadi ofisini, nami niliitwa. Mkurugenzi wetu wa sasa alisimama, akaanza kuomba radhi. Aliomba vizuri, kwa unyenyekevu. Shemeji akamsubiri amalize.

“Samahani zako nimezipokea,” alisema. “Sikuja kuzifuata. Shemeji yangu amewaombeni kitu kimoja miaka yote. Mmempa kalenda. Leo naomba mimi. Jina lisimame.”

Mkurugenzi akasema atakaa na wenzake. Mke wa marehemu akasema, “Kaeni sasa hivi. Tutasubiri.” Wakasubiri. Sisi nasi tukakaa palepale, mbele yao, kwa aibu.

Wasikilizaji wapendwa, tangu jana jioni jina letu limesimama. Limeandikwa DIRISHA. Halina sabuni wala namba ya simu. Linakaa vilevile alivyoliweka fundi. Litakaa hivyo kwa muda gani, siwezi kuwaahidi. Mimi ni mtangazaji, swichi sikai nayo. Nimekuwa hapa muda wa kutosha kujua kwamba wadhamini huja, wakurugenzi huondoka, na kila anayekuja hutazama kioo na kuuliza jirani yuko wapi. Mkisikia au mkiona linatembea tena, tupigieni simu. Msituonee haya. Tuulizeni tumemsahau lini.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mke wa marehemu, kwa shemeji yake, na kwa yule binti aliyekuwa mchanga mapajani siku ile, ambaye sasa ni mtu mzima na anasikiliza. Pole pia kwa yule mpakiaji mwenye fimbo. Mungu awape nguvu, na wale ndugu wawili waliolala jirani makaburini awalaze pema.

Ninyi wengine, nendeni mkalifikirie hili. Fikirini ni vitu vingapi vidogo tumevizoea kwa sababu mwaka ulipita bila mtu kuumia. Na wewe uliye kwenye usukani, najua unatamani kutupa jicho uone kama kweli limesimama. Usitazame. Niamini mimi, limesimama.

Kuna salamu moja ilikatika njiani miaka mingi iliyopita. Familia imeniomba niifikishe, na niifikishe kwa mdomo, nzima, pasipo mtu kungoja kipande.

Hongera, mdogo wangu. Endesha polepole.